Wimbo Wangu wa Ru

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kitoto, na mimi niliucheza kazini, huku ng'ambo, mtaa wa Auderghem, katika nyumba ya Wajapani karibu na msitu. Nilikuwa namtunza mzee mmoja, baba wa mwenye nyumba. Huyo mwenye nyumba, binti yake, alitoka asubuhi kwenda ofisini, mimi nikabaki na mzee mpaka jioni. Nilimwita papa, kama ninavyomwita mzee yeyote wa kwetu. Yeye aliniita madame. Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea maji, changu kilikuwa cha Bukavu, na tulielewana bila shida.

Mchezo ni huu. Mmoja anataja jina la wimbo na kuuimba kidogo. Mwenzake anashika silabi ya mwisho ya jina hilo na kutafuta wimbo unaoanza nayo, kila mtu kwa lugha yake. Ukikwama umeshindwa, na aliyeshindwa anapika chai. Mimi chai ningepika tu, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Lakini kupika chai huku mtu anakucheka mgongoni, aah, hilo silipendi hata leo.

Na mzee yule alikuwa mjanja! Silaha yake ilikuwa "ru". Kwao maneno yanayoishia na ru yamejaa tele, ila yanayoanza na ru ni ya kutafuta kwa tochi. Basi mimi nikimwimbia wimbo wa kwaya unaoishia na "furaha", yeye anashika hiyo "ha" na kuniletea wimbo wa haru, yaani majira ya maua. Nikiishia na "sa", ananiletea wimbo wa saru, nyani. Halafu anainua kidole: "Ru, madame! Ru!" Anangoja, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Sina, papa," namjibu.

"Huna! Chai!"

Kesho yake amekwisha kusahau. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kuvuja. Nyimbo za utotoni alikuwa nazo zote, lakini mambo ya jana hayakukaa. Kwa hiyo kila siku alinishinda kwa mara ya kwanza, na alifurahi kama mtu aliyeshinda kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa namdanganya. Wimbo wa ru nilikuwa nao. Mmoja tu, lakini nilikuwa nao, na ndiyo maana kile kicheko kilinichoma.

Unaitwa "Rudi, Chungu Kiko Motoni". Usihangaike kuutafuta kwenye kaseti, ni wa wanawake wa mtaani kwetu. Mtu akisafiri, anayebaki ndiye anayeuimba, akiwa amesimama mlangoni. Anayeondoka anafunga mdomo. Zamu yake ni siku ya kurudi: anasimama mlangoni palepale na kuitikia, "Nimerudi, nipakulie." Katikati ya siku hizo mbili msafiri haugusi wimbo ule, hata kwa mluzi. Ukiuimba njiani, kile chungu kinaepuliwa, na hakuna atakayekungoja. Ndivyo tulivyoambiwa. Mama aliliamini hilo kuliko mahubiri mengi ya padri.

Siku nilipoondoka aliniimbia mpaka mwisho, kitenge kimemlegea kiunoni, hana habari nacho. Nilitaka kulia, akanikaripia. "Enda tu, mutoto wangu. Kinywa chako ukitunze." Nami nikakitunza. Nilikuwa na jibu langu tayari, nimelibeba toka Bukavu mpaka chumba changu cha Evere, na sikuwa na nia ya kulitumia kwa ajili ya kikombe cha chai.

Kisha vita vikaingia Bukavu. Simu ya jirani yetu, ambako mama alikuwa anaitwa tuzungumze, ilikufa. Nilipiga asubuhi kabla ya basi, nilipiga nikirudi, na sikusikia hata mlio. Kanisani wamama walinishika mikono. "Bon, maman, tuombe tu." Niliomba. Pia niligombana na Mungu, sitaficha. Watu walikuwa wamekimbilia msituni kwa miguu, kila mmoja alisema hivyo, na mama yangu alikuwa na magoti ya kupandia ngazi ya kanisa tu, na hata hiyo kwa kupumzika.

Wakati huo mzee hakupumzika na ru yake. Nikawa naisubiri kwa hofu. Wimbo ule ulikuwa umenipanda mpaka kooni, na nilijua kwamba nikiuachia, chungu cha mama nakiepua kwa mkono wangu mwenyewe. Mnicheke mkipenda. Mtu ambaye mama yake yuko porini hachezi na mambo hayo. "Sina, papa," nikasema, nikaenda jikoni na kuwasha jiko huku nimeuma meno.

Jirani yule ndiye aliyenipigia, Jumapili, toka Nairobi. Alikuwa amefika huko na watoto wake.

"Maman, kaa chini kwanza."

Sikukaa.

"Mama yako hakufika. Ilikuwa homa. Tulimuzika kando ya njia. Tulifanya vile tuliweza."

Nikamuuliza kama mama alisema kitu.

"Mwishoni alikuwa anauliza tu kama umekula."

Jumatatu nikaenda kazini. Baadaye watu waliniuliza uliwezaje. Sasa ningekaa wapi? Nilipanda basi, nikashuka kituo cha Schuman, nikaingia metro, treni ya chini ya ardhi, katikati ya watu wenye mikoba yao, wote wazima, wote wanachelewa mahali. Nilimchukia kila mmoja wao, masikini.

Papa alikuwa ameketi dirishani. Sikumwambia kitu. Tukacheza, kwa sababu alitaka kucheza. Akaleta wimbo wa korongo, ndege ambaye kwao anaitwa tsuru. Akainua kidole. "Ru, madame! Ru!"

Nikaimba. Niliimba sehemu ya mama yote, rudi, chungu kiko motoni, kisha nikasimama, sijui kwa nini nilisimama, na nikaimba sehemu yangu. Nimerudi, nipakulie. Nilikuwa sijawahi kulitoa jibu hilo mdomoni mwangu hata siku moja. Sauti ilinikatika hapo kwenye kupakuliwa, na nikalia mbele ya mzee wa watu kwa sauti kubwa, bila aibu.

"Motoni" inaishia na "ni", na nyimbo za ni kwao hazikosekani. Hakutafuta. Alinitazama, akajiinua kwa fimbo yake, akaenda jikoni polepole. Nilisikia vyombo vinagongana. Alirudi na kikombe kimoja cha chai, nusu imemwagika njiani, akakiweka mikononi mwangu.

"Nimeshindwa," akasema. "Kunywa, madame."

Nilikunywa. Ilikuwa ya baridi, hakuwa amewasha jiko. Niliimaliza yote.

Jumanne nilimkuta dirishani palepale. Alikuwa na uso wa furaha na hakukumbuka kitu. Nilianza mimi, wimbo mfupi, sikuangalia unaishia na nini. Akaniletea nyani wake. Kidole kikapanda, mabega yakaanza kutikisika.

"Ru, madame! Ru!"

Nikamtazama. Mlango ule wa Bukavu niliuona wazi, na hapakuwa na mtu.

"Sina, papa," nikamwambia, na safari hii sikuwa namdanganya, kisha nikaenda kuchemsha maji.