Mama Mwenye Beseni Ana Jina

Mwanangu, katika siku zangu zote za kuandika maelezo ya picha za gazeti hapa Bujumbura, kuna picha moja ninayoikumbuka kuliko nyingine. Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa msichana mwenye Kifaransa kizuri, na nilijua kwamba ni kizuri.

Mpiga picha wetu alileta picha kutoka kambi ya watu waliokimbia makwao, upande wa Musaga. Bibi mmoja amebeba beseni la maji kichwani, mkono umemficha nusu ya uso. Chini yake nikaandika: "Mateso ya wakimbizi." Nikaona nimemaliza.

Mhariri wetu, Mzee Salvatori, alisoma akavua miwani.

"We binti, huyu mama hana jina?"

"Mzee, gazeti linatoka kesho."

"Litangoja. Enda umuulize. Na kama anakatala jina itoke, tunaacha. Siku hizi jina inaweza kuua mutu."

Nilinung'unika njia nzima. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami miguu yangu niliipenda. Bibi nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza kwamba jina lake litasomwa mjini kote, na wabaya nao husoma.

"Andika," akasema. "Pengine watoto yangu wako hai."

Akanitajia jina lake lote, na la kilima alikozaliwa.

Wiki ile ile mwanamume wa mtaa wa Bwiza aliingia ofisini na gazeti mkononi. Alikuwa mwana wa yule bibi. Kwa picha peke yake asingemtambua. Jina ndilo lililomshtua. Nyumbani walishamlilia mama yao, na Jumamosi walikuwa waanue matanga, pombe ya ndizi imeshaagizwa. Nilimpeleka kambini mwenyewe. Bibi alipomshika mwanawe uso kwa mikono miwili, niliketi chini kwa furaha. Pombe ile haikupotea, mwanangu. Tulikunywa na marehemu mwenyewe, naye akaomba aongezewe.

Basi wewe unayeanza kazi hii, shika neno langu. Kuuliza si ujinga. Muulize mtu jina lake, muulize pia kama anataka litajwe, kisha umtii. Uvivu wangu ungemzika mama wa watu angali hai.

Mungu akupe miguu isiyochoka kurudi kuuliza, na wako wote akulindie.