Mboga za Julai katika Ua wa Dona

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa nimevaa kandambili na koti la ulinzi, na wala sikujua kwamba nimeajiriwa. Ilikuwa Mei 2008. Duka la vipuri nililokuwa nalinda Jeppestown, jijini Johannesburg, lilikuwa limefungwa, kwa sababu majuma yale wageni walikuwa wanashambuliwa mitaani na wengi wetu tuliogopa hata kuvuka robot, yaani taa za barabarani, nami nikabaki mtaani kwetu La Rochelle katika chumba chetu cha uani. Warundi wenzangu walinipa pole kwa kujifungia. Sikuwaambia kwamba kukaa nyumbani ndiyo kazi niliyokuwa naitafuta tangu nimalize sekondari.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane wa Kireno, miaka themanini kasoro, ambaye wapangaji wote tulimwita Dona. Asubuhi ile alinikuta nimekaa juu ya ndoo naota jua. Akaniwekea jembe mapajani.

"Unajua kulima?"

"Dona, mimi natoka Burundi."

"Sikuuliza unatoka wapi."

Tulizungumza Kiingereza, yeye chake cha Kireno, mimi changu cha Kifaransa. Hapa naandika kama tulivyoelewana, au tulivyodhani tumeelewana. Alinieleza hivi: marehemu mumewe hakuwahi kuuacha ua ule mtupu hata Julai moja, mwezi ambao Johannesburg hukauka ikawa rangi ya karatasi ya sukari. Mwanawe, fundi ujenzi, alitaka kumwaga zege ua mzima ajenge vyumba vya kupangisha. Mama na mwana walikuwa wamewekeana sharti. Julai ikikuta mboga, hakuna zege. Ikikuta udongo mtupu, amwage.

"Na mimi magoti yamekwisha," akasema. "Kwa hiyo ni wewe."

Vijana mnaoniuliza leo siri ya kulima wakati wa baridi, sikilizeni nilivyoanza. Kwetu kiangazi kikifika hatupandi mlimani. Tunashuka bondeni, kwenye unyevu. Hata mtoto anajua. Nami nikatazama ua, nikaona unateremka hadi pembe ya chini ambako maji ya bomba hukusanyika, nikasema kimoyomoyo: bonde lenyewe hili hapa. Nikapanda huko maharage na lengalenga, ule mchicha wetu. Mpangaji mmoja Mkongomani akapita, akanisifu. Dona alinitazama kutoka dirishani akauliza, "Huko chini?" Nikamjibu kwa upole, kama mwalimu, kwamba kiangazi maji huwa chini. Akafunga dirisha.

Asubuhi moja ya Juni nikatoka nikakuta kila jani limekuwa jeusi na limelegea, kama limechemshwa. Nikaingia ndani kwa hasira kumwuliza mke wangu, Mama Aline, nani aliyemwagia mboga zangu maji ya ugali.

"Ugali gani una maji ya kumwaga?" akasema, huku akifunga begi lake la kwenda kusuka nywele. "Baba Aline, miaka yote hii unakula tu, hujawahi kutazama sufuria?"

Dona aliniamuru nivue viatu. Saa kumi na mbili asubuhi, Juni, mtu mzima. Akanisimamisha karibu na ukuta wa nyumba kubwa, kisha akaniambia nishuke taratibu hadi pembeni. Juu palikuwa baridi ya kawaida. Katikati vidole vikaanza kuuma. Chini nilikanyaga kitu cheupe kinachovunjika kama chumvi, nikaruka kama mbuzi.

"Hiyo ndiyo sakitu," alisema, au neno lake la Kireno lenye maana hiyo: umande ulioganda juu ya majani. "Baridi ni kama maji. Inateremka, inalala bondeni."

Nilibaki nimesimama kwa mguu mmoja. Huko kwetu bonde ndilo linalookoa; huku bonde ndilo linaloua. Sikujua nimlaumu nani, marehemu baba yangu aliyenifundisha kulima, au mlima.

Basi nikapata uhamisho wangu wa kwanza na wa mwisho: kutoka pembe ya chini kwenda ukuta wa juu, hatua kumi na tisa. Ukuta ule unatazama kaskazini, na jua la huku wakati wa baridi hupita kaskazini. Kwetu jua hupita juu ya kichwa, halina upande. Nilihitaji wiki nzima kuliamini hili. Dona alikuwa na kitalu, yaani miche ya sukuma wiki aliyoiotesha tangu Machi ndani ya makopo ya rangi. Kwa mbogamboga za baridi, ukisubiri Mei umekwisha kuchelewa. Tukaihamishia kwenye tuta, udongo ulioinuliwa, mimi nikichimba, yeye akinisimamia na mkongojo kama mkurugenzi.

Mwisho wa Julai mwanawe akaja na futi ya kupimia. Alichuchumaa mbele ya majani yaliyotosha kiganja.

"Mama, hii ndiyo bustani?"

"Ni kijani?"

"Ni kijani. Lakini ni kidogo."

"Sharti lilisema kijani. Halikusema kikubwa."

Akarudisha futi mfukoni.

Miaka iliyofuata nilijifunza kazi kwa kukosea. Nilimwagilia jioni, kama kwetu, maji yakagandia majanini; Dona akaniambia saa nne asubuhi, jua likishapanda. Nilitandaza nyasi kavu juu ya udongo ili kuutunzia joto, kabichi zikazidi kuungua. Kumbe udongo ulio wazi na wenye unyevu hunywa jua mchana, usiku ukalitoa kidogo kidogo, na nyasi zangu zilikuwa zimeuziba mdomo. Nilichukua blanketi letu zito nikalifunikia kabichi, nasi tukalala na makoti.

"Nimeolewa na mtu au na kabichi?" Mama Aline aliuliza gizani.

"Kabichi ina mkataba," nikamwambia.

Kufika 2011 tulikuwa na matuta saba: sukuma, spinachi, vitunguu, kitunguu saumu, njegere zikipanda kamba. Kila Julai yule fundi alikuja, akatazama, akaondoka. Nilianza kujiona mtaalamu, na hapo ndipo magoti yangu nayo yalipokwisha. Mwanzoni mwa 2012 Dona akahamia kwa mwanawe, upande wa Sandton, kwa sababu ya nyonga. Mwaka ule nilifika tuta la pili nikashindwa kuinuka.

Julai mwana akaja, akasimama uani, akapiga simu na kunipa. Dona hakusalimu.

"Ni kijani?"

Mama Aline alikuwa mlangoni, ananitikisia kichwa kwa nguvu: sema ndiyo. Mwana mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna ambaye angenikatalia.

"Matuta mawili, Dona."

"Kati ya mangapi?"

"Saba."

"Basi mawili ni yako. Yaliyobaki ni ya mwanangu."

Nilipomrudishia simu yule fundi, Mama Aline akapiga makofi matatu ya taratibu. "Mwanaume mzima, unaulizwa swali la neno moja, unajibu kwa hesabu." Hata leo sijui kwa nini sikudanganya.

Vyumba vikajengwa. Zege likafika hadi ukingoni mwa matuta yangu mawili, na ukuta ukasimama ubavuni mwake. Nikasubiri baridi ya 2013 imalizie kazi. Haikuimaliza. Ukuta ule na sakafu ile vinakunywa jua kutwa, na usiku kucha vinazipumulia mboga joto lake. Hakuna jani lililoungua, mwaka ule wala huu wa 2014. Blanketi limerudi kitandani. Mimi nimestaafu, kazi yangu ni kuchuma tu, na kulalamika.

Maana nina la kulalamikia. Juzi nilimpigia Dona.

"Sukuma imepoteza utamu. Sijui ni mbegu, sijui ni mdomo wangu umezeeka."

"Inapigwa na sakitu?"

"Hata kidogo. Zege linailinda."

Akacheka mpaka akakohoa. Sukuma ikitishwa na baridi, alisema, hujaza sukari majanini ili isigande. Isipotishwa, haina haja. "Miaka yote ulitaka isiguswe. Haiguswi. Sasa unataka nini?"

"Sijui, Dona."

"Ukijua, nipigie."

Sijampigia. Lakini jana nimeng'oa miche mitatu nikaipandikiza karibu na geti, kwenye kijisehemu cha udongo ambacho zege halikufika na sakitu inatua bila kizuizi. Mama Aline amenikuta nimepiga magoti, akauliza nafanya nini. Nimemwambia mimi ni mstaafu, sidaiwi maelezo. Kisha nikamwomba anisaidie kuinuka.