Nafasi Nne za Chombo

Saa tisa na dakika ishirini alasiri simu yangu iliita, nikiwa nimesimama mbele ya runinga nasoma Kiingereza kwa sauti. Hiyo ndiyo kazi yangu katika kibanda changu cha gemu hapa Bariadi: wateja wanacheza, mimi natafsiri. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na vitabu vya maelekezo ya redio, kwa hiyo natafsiri polepole na sipendi kuruka neno.

Aliyepiga alikuwa mke wa mdogo wangu, kutoka Dar es Salaam.

"Shemeji, katutoka. Mchana huu huu." Akavuta pumzi. "Mwenye gari la maiti anataka jibu kabla ya saa kumi na mbili, ana kazi nyingine. Tunamleta huko au tunamzika huku?"

Mimi ndiye kaka mkubwa. Jibu lilikuwa langu. Nilijua mdogo wangu anaumwa, na fedha za gari, milioni mbili na laki nane, nilishazitenga kutoka kwenye pamba ya msimu ule. Lakini sikuweza kujibu kabla mama hajajua, na mama yuko kijijini, Sapiwi. Kwetu mama haambiwi kwenye simu kwamba mwanawe amefariki. Lazima mtu afike, aketi naye, ndipo aseme. Nikampigia katekista, jirani yake. Alikuwa shambani, mbali na nyumbani. Akasema anakwenda, nisubiri.

Ningefunga kibanda ningeulizwa kwa nini, na sikutaka mtaa ujue kabla ya mama. Nikarudi mbele ya runinga.

Gemu lenyewe linahusu watu watano waliokwama katika chombo kinachoelea angani, na humo ndani kuna dude linalowinda kwa harufu. Mchezaji hapigani nalo, anachagua. Maneno mawili yanatokea, chini yake mstari mwekundu unapungua, na ukiisha hujabonyeza, gemu linaamua lenyewe. Hakuna kurudi nyuma. Siku hiyo pedi ya kuchezea alikuwa nayo dereva mmoja wa bodaboda. Kwenye benchi walikaa fundi cherehani, mama wa mlango wa pili, na afisa mifugo aliyehamishiwa kwetu kutoka Handeni.

Mmoja wa wale watano alikuwa ameshauawa. Nikasoma: "Mwache hapa, au..."

"Tunambeba!" Dereva akabonyeza hata sijamaliza.

"Wasukuma nyie," afisa mifugo akasema, "hata angani mtafunga maiti kwenye baiskeli."

"Nyamaza, mtani," dereva akamjibu. " Ukifia hapa tunakupakia kwenye fuso la pamba mpaka Handeni, na nauli unalipa mwenyewe."

Wakacheka. Nikatoka nje kutazama simu. Mtandao ulikuwepo. Nikarudi, nikatoka tena.

Kumbeba kuliwachelewesha, na harufu ya damu ikalivuta lile dude. Likamjeruhi mguu mmoja wao, daktari. Walipofika kwenye chombo kidogo cha kukimbilia, nikasoma kwamba kina nafasi nne tu. Wazima walikuwa wanne, na maiti wa tano. Maneno yakatokea: kumwacha maiti, au kumwacha daktari.

"Acha maiti!" fundi cherehani akapiga kelele. "Utamwachaje mtu aliye hai kwa ajili ya mfu?"

"Tumetoka naye kote huko, tumtupe mlangoni?" dereva akauliza.

"Mtupe! Huyo daktari anakuangalia!"

"Mzee, hebu soma tena. Labda kuna la tatu."

"Hakuna," nikasema. "Ni hayo mawili."

Nilikuwa nautazama mstari mwekundu na mkono wangu umeshika simu mfukoni. Mstari ukaisha. Mlango ukajifunga wenyewe, daktari na maiti wote wakiwa nje, na kile chombo kikaondoka na nafasi moja tupu.

"Mzee, umechelewa kusoma," dereva akasema.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya katekista, lakini sauti ya mama. Yeye asiyewahi kuruka salamu hakunisalimu.

"Watoto wake wako wapi?"

"Dar es Salaam, mayu."

"Wote?"

"Wote watatu."

"Watatoka huko kuja kumpalilia kaburi?"

Akaendelea mwenyewe:

"Basi azikwe waliko. Anayetaka kumwona ni mimi. Basi linaondoka saa ngapi?"

"Mayu, ni safari ya siku nzima, na magoti yako..."

"Magoti ni yangu."

Nikampigia shemeji: msimlete, mtusubiri. Kisha nikazima runinga nikawaeleza wateja. Dereva akaweka pedi chini. "Pole, mzee. Na mimi nakwambia umechelewa." Akaenda Sapiwi kumchukua mama, na hela ya mafuta akaikataa.

Tuliondoka alfajiri. Mama hakulala njiani, wala mimi. Kila mara basi liliposimama niliona dereva wake anakawia makusudi. Tulifika. Mama alimshika mwanawe uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo mpaka akaridhika, ndipo wakafunika jeneza.

Nauli zetu, kwenda na kurudi, zilikuwa laki tatu na elfu ishirini. Zilizobaki katika fedha za gari nilimkabidhi shemeji kwa ajili ya wale watoto: shilingi milioni mbili, laki nne na elfu themanini.