Mkwe Wangu Ndiye Msoma Matangazo

Habari za shule yetu tulikuwa tunazipata kanisani. Padri akimaliza kugawa Komunyo na kwaya ikitulia, mwalimu wa dini alisimama mbele, kando ya altare, akasoma matangazo ya shule ya msingi. Ijumaa kila mtoto alete kuni. Darasa la nane wataombewa kabla ya mtihani. Jumamosi kuna mpira na watoto wa upande wa Iguhu, wazazi waje washangilie. Watu walipenda kipindi hicho kuliko mahubiri, hata waliokuwa wanasinzia waliamka. Mimi ndicho kipindi nilichokuwa natoka nje.

Nilitoka kila Jumapili kwa mlango wa kando, leso kichwani, haraka haraka kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Yule mwalimu ni mkwe wangu, amemuoa binti yangu wa pili. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaingiliani nyumbani. Si uadui. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi kuliko uadui, maana adui unaweza kukutana naye njiani ukamnunia ukapita. Mkwe ukimwona unatafuta shamba la kuingia.

Alipokuwa anafundisha upande wa Matete sikuwa na shida. Aliishi huko na binti yangu, salamu zao zinakuja, zangu zinaenda, tunaheshimiana vizuri kwa sababu ya umbali. Halafu miaka ile ya tisini akahamishiwa shule yetu hii, karibu na msitu, ambayo kutoka mlangoni kwangu nasikia kengele yake. Watu wakanipongeza, kwamba sasa binti amerudi karibu. Mimi nikaanza kuishi kama panya. Kabla ya kwenda mtoni nachungulia njia. Nikisikia baiskeli nyuma yangu, naingia kwenye mahindi ya watu. Siku moja niliingia kwenye mahindi, nikakaa, nikakaa, baiskeli haipiti. Kumbe na yeye aliniona kwanza, ameingia upande wa pili, kwenye miwa, ananingoja nipite. Sijui tungekaa huko mpaka saa ngapi kama ng'ombe wa mtu hangekuja akamtoa.

Kwa hiyo matangazo nilikuwa nayapata kwa jirani yangu. Tulikuwa jumuiya moja, na ni mtu mzuri, lakini habari ikipita kwake inavaa nguo mpya. Ukimuuliza wametangaza nini, anaanza na nani alikuja na viatu gani, nani amenenepa, nani amekaa mbali na mume wake. Wakati amefika kwa shule, tumefika kwangu. Mimi nilikuwa nasimama chini ya dirisha nikijaribu kusikia mwenyewe, ila sauti ya mkwe wangu ni ya chini, na mvua ikigonga mabati hakuna kitu.

Sikuwa nasikiliza kwa umbea. Nilikuwa na mjukuu katika shule ile. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alifariki mtoto akiwa bado hajaota meno yote. Baba yake sikumtafuta, na yeye hakututafuta. Nikamlea. Mwaka huo alikuwa darasa la nne, na darasa la nne ndilo lilikuwa linapokea Komunyo ya Kwanza. Watoto wote waliokuwa kwenye mstari wao nawajua mpaka leo kwa majina, la ubatizo na la ukoo, na nani alizaa nani. Siyaandiki hapa kwa sababu wengine ni watu wazima sasa, na watoto wao wanasoma.

Jumapili hiyo jirani alinikuta chini ya dirisha akaanza mambo yake ya viatu. Nikamwambia leo anza na shule. Akasema Komunyo ya Kwanza ni siku ya mtakatifu somo wa parokia, na Padri ameleta utaratibu mpya. Kila mtoto atapelekwa mbele na mzazi wake au anayemlea kama kawaida, ila sasa kuna mishumaa. Huyo mkubwa anapokea moto wa mshumaa mkononi mwa mwalimu wa dini, halafu yeye anawasha mshumaa wa mtoto. Padri amesema ndivyo imani inavyotoka kwa shule, inapita kwa mzazi, inafika kwa mtoto. Jirani alikuwa anasema haya huku anatabasamu. Halafu akanitazama, tabasamu likaisha. "Haya," akasema, "sasa utafanya nini?"

Mjukuu wangu alikuwa ameshajua. Watoto walikuwa wanafanya mazoezi kila siku saa ya mchana, wanatembea na vijiti badala ya mishumaa. Jioni alikuwa anachambua mboga, nikamwambia kwa upole kwamba wanaweza kumruhusu aende mbele peke yake, wako watoto wengine wamewahi kwenda hivyo. Akasema, "Mwaka jana yule aliye darasa la tano sasa alienda peke yake. Wamama wote wakalia. Kukhu, mimi sitaki kuliliwa."

Kukhu ni nyanya, ndivyo alikuwa ananiita. Mwaka jana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale waliolia.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikuwa nikipika nasahau chumvi, nikienda kuchota maji narudi nimeacha kata. Namna ya kuimaliza heshima hiyo ipo. Mkwe analeta blanketi, wazee wa ukoo wanakaa, mnakula, na kutoka hapo mnaweza kusalimiana kama watu. Nikaenda kwa wazee wa mume wangu. Wakasema mzee wako tumemzika juzi, nyumba bado iko kwenye msiba, hatuwezi kuleta sherehe ya mkwe hapo mpaka mwaka uishe. Nikawaambia Komunyo haingojei mwaka. Mmoja akaniuliza kama sasa mimi ndiye nitawafundisha mambo ya ukoo. Nikawapa pesa yao ya chai, nikarudi.

Nyumbani kwa binti yangu sikuweza kwenda, maana ni nyumbani kwa mkwe. Nilimtumia neno tukutane kwenye mashine ya kusaga. Akaja na debe la mahindi ambalo hata halikuwa limejaa. Akaniambia mume wake naye hali vizuri. Alikuwa amekwenda kwa Padri kuomba mtu mwingine ashike moto. Padri akamuuliza sababu. Sasa Padri wetu wakati huo alikuwa mtu wa Ukambani, mgeni kabisa, na mkwe wangu aliona aibu kumweleza mambo ya mama mkwe. Akasema ana kikohozi.

"Padri akasema nini?" nikamuuliza.

"Akampa dawa ya kikohozi, Mama. Anakunywa kila asubuhi, Padri akimuona."

Tulicheka mpaka mwenye mashine akatutazama. Halafu binti yangu akapangusa macho akauliza kama jirani hawezi kumpeleka mtoto, maana yeye mwenyewe ndiye anayeongoza kwaya siku hiyo. Nikasema nimeshamuuliza mtoto, amekataa. Amesema yule mama atacheka, na akicheka mabega yanaruka, mshumaa utazima. Wajomba wake nao walikuwa mbali, mmoja Nairobi, mmoja kwenye kiwanda cha sukari, na mabosi wao hawajui somo wa parokia ni nani. Tukatazamana. Binti yangu akaniambia, "Basi wewe nenda. Yeye atajua la kufanya." Nikamuuliza atajua nini. Akasema hajui.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia yote matope, watoto wamebeba viatu mkononi mpaka kwenye nyasi za kanisa. Mjukuu wangu alikuwa na gauni jeupe la kuazima na taji la maua ya karatasi. Tulikuwa katikati ya mstari. Nilikuwa na leso mbili, moja kiunoni, moja nimeivuta mbele ya uso mpaka naona vidole vyangu vya miguu tu. Mbele yetu alikuwa mtoto wa mwenye duka na baba yake. Nikasikia miguu yao inaenda, inasimama, inarudi. Mjukuu akanivuta. Tukaanza kutembea.

Nilikuwa natazama sakafu. Nikaona ngazi ya altare, nikaona viatu vya Padri, vyeusi. Nikatafuta viatu vya mwalimu. Nikaviona, lakini niliona visigino. Nikainua leso kidogo. Mkwe wangu alikuwa amegeuka. Ametazama ukutani, ametupa mgongo sisi na kanisa lote, na mkono wake umepita juu ya bega lake, unashika mshumaa nyuma kama mtu anayemkabidhi abiria wa baiskeli mzigo. Moto unacheza karibu na sikio lake. Nikajua amefikiria jambo hilo siku nyingi.

Nikaunyoosha mshumaa wangu. Yeye haoni nyuma, mimi nimefunika uso, moto na utambi vinakosana. Nusura nichome kola ya shati lake. Padri akatuona. Hakuelewa kitu, aliona mwalimu anamtendea mama mzee vibaya mbele ya Mungu. Akasema kwa sauti ya upole, lakini ile ya upole inayosikika mpaka mlangoni, "Mwalimu, geuka. Mpe mama moto."

Kwaya ikaacha wimbo katikati. Nikaona visigino vile vinasogea kidogo upande huu, vinarudi, vinasogea tena. Kumkatalia Padri altareni hawezi. Kugeuka hawezi. Na mimi kukimbia siwezi, mkono wa mtoto uko kwenye wangu, na nikiuachia, ndiyo hiyo, yuko peke yake na watu wote wanatazama.

Sauti ikatoka nyuma, kwenye benchi la wamama. Nilijua ni ya jirani yangu kabla haijamaliza.

"Padri, mwache hivyo hivyo. Huyo ni mama mkwe wake. Akigeuka, mama atapita hapo kwa dirisha."

Watu wakacheka, wanaume kwa wanawake, hata watoto wa mstari. Padri akanitazama, akamtazama mkwe wangu, akajishika kidevu. Nadhani alikumbuka kikohozi.

Katika kicheko hicho mjukuu wangu aliniachia mkono. Alisema, "Ngoja hapo, Kukhu," kama ninavyomwambia yeye tukivuka barabara. Akapanda ngazi, akauzunguka mgongo wa mwalimu, akasimama mbele yake kule ukutani. Sikuona walichofanya. Nilimwona akitokea tena, mshumaa wake unawaka, amekinga moto kwa kiganja, anatembea polepole na mdomo ameubana. Akafika kwangu akawasha wangu. Kwa utaratibu wa Padri tulikuwa tumekwenda kinyumenyume. Padri akamwita mtoto anayefuata. Tulirudi kwenye benchi, na njiani nilitazama nyuso za wamama mmoja mmoja chini ya leso yangu. Hakuna aliyekuwa analia. Walikuwa wanajipangusa, ndiyo, lakini kwa kucheka.

Baada ya Misa kulikuwa na chai na mkate kwa watoto uwanjani. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya choo cha wavulana, kwa sababu mkwe wangu ndiye alikuwa anagawa mkate. Nikamngoja mtoto. Alikuja na siagi kwenye shavu, tukashika njia ya nyumbani.

Akaniuliza kama alitembea vizuri. Nikasema vizuri sana.

"Hakuna mtu alilia?"

"Hakuna. Walicheka."

Akafikiri. "Kucheka ni sawa," akasema.

Nikafikiri sasa nitalala. Tulikuwa tumepita kwenye kona ya miti ya mikaratusi aliposema, bila kunitazama, "Mimi nilikuwa nataka mwalimu ndiye anipeleke. Si ni baba mdogo wangu? Moto ungeshikwa na mtu yeyote."

Nilisimama. Mimi, wazee, binti yangu kwenye mashine, jirani, hata mwalimu mwenyewe na dawa yake, hakuna aliyefika hapo. Sisi wote tulikuwa tunatafuta jinsi mimi nitakavyompita yule mtu.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga gauni lako pasi kila siku."

Ni kweli nilikuwa nalipiga. Mkaa wote wa wiki uliishia kwenye pasi. Nilitaka kumwambia kitu, kwamba mtoto hampangii mkubwa, au kwamba nimefurahi, sijui nilitaka kusema lipi. Nikamuuliza kule ukutani mwalimu alimwambia nini. Akasema hakumwambia kitu, alimshika kichwa tu, akamnyooshea taji.

Kisha akaniambia siku ya wazazi ni mwezi ujao, imetangazwa leo, mtoto anakaa benchi la mbele na mtu wake na kuonyesha madaftari. Atamwomba mwalimu akae naye. Atamwomba mwenyewe, mimi nisijisumbue.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Nyuma, Kukhu. Huko hamtaonana."

Alisema bila ubaya wowote. Akavua viatu, akaruka dimbwi, akageuka kuningoja upande wa pili na mkono ameunyoosha.