Kukanywa Jikoni kwa Nyanya

Harufu ya manyoya ya kuku yanayoungua motoni bado hunirudisha jikoni kwa nyanya, kule Malinya. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amefariki mwaka ule, na mle nyumbani tulibaki wawili, nyanya na mimi, na kiti kimoja ambacho hakuna aliyekikalia. Siku hiyo mjomba alikuja kutoka Mautuma kuamua kama angenichukua nikakae kwake. Akachinjiwa kuku. Kwetu firigisi, tunayoiita imondo, huwekewa mgeni mwanamume; mtoto wa kike haigusi. Nami nilipoachwa nilinde chungu, niliila. Wala sikuwa na njaa. Nilitaka tu, kwa siku moja, niwe mtu wa kuwekewa kitu.

Mjomba alipekua bakuli mara mbili. "Mama, imondo iko wapi?" Akanikazia macho. "Huyu mtoto ameharibika. Leo naenda na yeye." Nyanya akasema, bila kuinua kichwa, "Ilinianguka kwa majivu. Macho yangu siku hizi hayaoni. Nisamehe, mwanangu." Mjomba akala amenuna, akaondoka peke yake. Ndipo nyanya akaniita tuchambue mboga ya mrenda. Nilingoja kofi. Tulichambua hadi ungo ukajaa, kisha akasema polepole, "Kitu ya mgeni hatukulangi, mama. Ukitamani kitu, niambie mimi."

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba kukanya ni kumzuia mtu asitende ubaya, basi. Mengine nilijifunza kwenye ule ungo. Kukemea hutaka mashahidi. Kukanya hutaka watu wawili na kazi ya mikono. Tena humkanyi mtu usiyejali kesho atakuwa nani. Wahenga walisema maneno mema hutoa nyoka pangoni. Kwangu yalitoa machozi niliyokuwa nimeyazuia tangu mazishi, na nyanya akajifanya hayaoni.

Leo naishi Amalemba, chumba kimoja, peke yangu. Mkubwa wangu kazini hunikemea mbele ya wateja, majirani hunisengenya, lakini wa kunikanya sina, nyanya tulishamzika. Jumapili iliyopita nilipika kuku, nikaila imondo nimesimama kando ya jiko. Haikuwa na ladha. Kisha nikachukua mrenda, nikakaa chini, nikauchambua jani moja moja, nikingoja.