Sarafu ya Kigeni Ikifika Kwako, Iishie Kwako

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, kila nikiikumbuka masikio yanapata moto na kicheko kinanibana papo hapo. Wewe umeniuliza swali dogo tu, kwa meseji ya sauti, ukiwa kwenye basi: "Bro, nimefungua roli za benki nimekuta hela za nchi za watu, nifanye nini nazo?" Ungemuuliza mtu mwingine angekujibu kwa neno moja. Mimi siwezi. Kaa chini.

Najua utacheka: mzee gani wa miaka thelathini na mbili? Cheka tu. Kwenye kuchambua sarafu nimeshazeeka, na nimezeeka kwa aibu, siyo kwa mvi.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nakaa Flemingdon Park, mtaa wa maghorofa hapa mjini, ghorofa ya kumi na moja, chumba kimoja na Baraka. Baraka siyo ndugu yangu wa damu, lakini mtu akimgusa Baraka alikuwa amenigusa mimi jicho. Tulikuja mwaka mmoja, tukala maharage ya kopo sufuria moja, tukavaa koti moja la baridi kwa zamu mpaka mshahara wa kwanza. Sasa huyo Baraka alikuwa muimbaji, mimi nilikuwa mtu wa sarafu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, nikanunua lenzi, nikaanza kwenda benki kuomba roli za kwota, zile senti ishirini na tano zinazofungwa arobaini arobaini kwenye karatasi. Unafungua, unatafuta zile za zamani zenye madini ya fedha, ukipata unaweka kando, zilizobaki unafunga upya, unarudisha. Raha yake unaijua, sikuelezi.

Na kama wewe, nikawa nakutana na wageni. Mara sarafu ya Uingereza, mara ya Barbados, mara ina ndege simjui, maandishi siyajui. Nilikuwa nakasirika! Yaani mtu amenipa arobaini, kumbe thelathini na tisa na takataka moja. Nikampa jina huyo mtu nisiyemjua aliyeifunga: mwizi. Kisha nikafanya nini? Sikia ujinga wa ujana. Nikiikuta ya fedha naitoa, pale ilipotoka natumbukiza ya kigeni, roli inatimia arobaini, safi. Nikajisemea: mimi sikuileta, nimeikuta humu, narudisha humu. Kosa la nani? La aliyeanza.

Halafu nikimaliza kufunga naweka alama, msalaba wa kijani kwa kalamu nene, ili siku benki wakinirudishia roli yangu mwenyewe nisipoteze muda kuichambua mara mbili. Akili nyingi, mwanangu, mbele kiza.

Basi hiyo Jumamosi palikuwa na harusi Pickering, mji wa jirani, saa nane mchana, na kwaya ya kina Baraka ndiyo ilikuwa iimbe. Baraka alikuwa ndiyo kwanza amepewa uongozi wa kwaya, hana hata mwezi, na wapo waliosema wazi kwamba kijana huyu hataweza hata kupanga viti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa majoho. Majoho kumi na moja, meupe, kola ya zambarau, yamekaa stoo ya kanisa mpaka yananuka panya. Ikabidi yafuliwe asubuhi ileile.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo. Mashine zenyewe ni zile za kupanga kwota kwenye matundu ya kidude cha chuma, halafu unakisukuma ndani. Kufua kukaenda vizuri. Kwenye kukausha, mashine moja ilikuwa na karatasi ya "mbovu" tangu wiki iliyopita. Iliyobaki Baraka akapanga kwota, akasukuma, krrk. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Saa nne na nusu hiyo, majoho kumi na moja yanachuruzika maji.

Akanipigia simu. Sauti yake sijaisahau. "Kaka, shuka. Nimekwisha."

Nilishuka kwa ngazi, lifti niliiona inachelewa. Naingia, nakuta Baraka kakumbatia majoho maji yanamtiririka mpaka kwenye viatu, watu watano wamepanga foleni na vikapu vyao, na pembeni Bi Gulshan anakunja taulo.

Bi Gulshan alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya tisa. Mama wa Kiismailia, mzaliwa wa Tabora, kakulia dukani kwa baba yake, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Taulo zake zilikuwa za moto. Maana yake mtu wa mwisho kutumia ile mashine alikuwa yeye.

Mwanangu, hasira hasara. Sikuuliza. Sikusalimia. Nikafungua mdomo.

"Bibi, umetia nini kwenye mashine? Si uangalie unachotia! Watu wana harusi hapa! Kama macho hayaoni si uombe mtu akusaidie?"

Foleni yote ikageuka. Baraka ananivuta shati, mimi nazidi kupanda. Bi Gulshan akakunja taulo, akaiweka juu ya zilizokunjwa, akachukua nyingine.

"Ukimaliza niambie," akasema. "Na kwanza, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo!" nikamfokea. Ndiyo, shikamoo niliitoa kwa kufoka. Dada mmoja kwenye foleni akaangua kicheko, Mkongo yule, akasema hajawahi kuona mtu anaamkia kama anatukana.

"Marahaba. Endelea."

Nikaendelea! Mpaka akaja msimamizi wa jengo, Bwana Desmond, mtu wa Trinidad, mpole lakini asubuhi hiyo kakatishwa chai yake. Akanisikiliza mimi, nikimfokea kwa Kiingereza, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na sauti. Akamgeukia Bi Gulshan, akamwambia kwa Kiingereza, polepole kama anaongea na mtoto: "Mama, uwe unaangalia unachoweka humu. Ikitokea tena, itabidi ukafulie kwingine."

Kwingine! Kwa mama wa miaka sabini na kitu, kwingine maana yake kubeba taulo kwenye basi mpaka Don Mills, barafu chini. Mikono yake ikasimama. Ile taulo aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Bwana Desmond akachomoa bisibisi, akafungua kile kidude. Kikaanguka kitu, ting, kwenye sakafu. Sarafu. Rangi ileile ya kwota, ukubwa karibu uleule, nene kidogo tu. Bi Gulshan akaiokota kabla yetu, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Peso," akasema. "Ya Ufilipino. Hii haijawahi kukaa kwenye pochi yangu."

Na mimi, mwanangu, nikasogea kuitazama. Ile sura naijua. Niliitazama kwa lenzi Alhamisi.

Nikamtazama Baraka. Na hapo ndipo nilipomwona anafanya kitu ambacho mpaka leo kinanitoa machozi na kunichekesha. Mkononi alikuwa na karatasi ya roli, imechanika nusu, na msalaba wa kijani unaonekana kama taa za barabarani. Alikuwa amechukua roli kwenye rafu yangu, kama tulivyozoea, chako changu. Aliiona alama. Akanitazama. Halafu taratibu, huku maji ya majoho yanamtiririka, akaikunja ile karatasi, akaisokomeza mfukoni. Ananificha! Uongozi wake unaondoka, harusi inaondoka, na bado ananificha.

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, kwa sekunde mbili hivi niliwaza kunyamaza. Bwana Desmond alisharudisha bisibisi yake mfukoni. Lakini nikaona ile taulo inakunjwa mara ya nne.

"NI MIMI!" nikapiga kelele. Kwa sauti ileile niliyomfokea, sikuwa na nyingine. "Peso ni yangu! Roli ni yangu! Baraka, toa hiyo karatasi! Bwana Desmond, mwombe radhi huyu mama, na mimi namwomba radhi, na wote humu ndani mniwie radhi!"

Bwana Desmond alikuwa haelewi Kiswahili hata neno, akadhani nimepandwa na wazimu. Ikabidi nirudie yote kwa Kiingereza. Aibu mara mbili, lugha mbili. Bwana Desmond akavua kofia, akamwambia Bi Gulshan samahani.

Bi Gulshan akanitazama juu mpaka chini. "Hii peso uliipata wapi?"

"Kwenye roli ya benki, Bibi."

"Na aliyeiweka humo ulimwita nani?"

Nikamjibu. "Mwizi."

"Basi na wewe ulipoirudisha humo, tukuite nani?"

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Halafu yule mama akacheka, kicheko kikubwa kweli, akanipiga begani na taulo.

"Baba yangu, dukani Tabora," akasema, "akipata sarafu mbovu alikuwa hairudishi kwenye droo. Anachukua msumari na nyundo, anaipigilia juu ya kaunta, mbele ya wateja. Nilimuuliza, Baba, si umepata hasara? Akasema hasara ndiyo, lakini ndogo, na imekwisha. Nikimpa mwingine atampa mwingine, itazunguka mji mzima. Ikifika kwangu, iishie kwangu."

Kisha akaigeukia foleni, akaanza kutoa amri kama yuko dukani kwake. "Waimbaji kwanza! Bibi harusi hasubiri soksi zenu!" Na watu, ambao wangeweza kutufukuza, wakasogeza vikapu. Yule dada Mkongo akatusaidia kukamua majoho. Bi Gulshan akachomoa kwota kwenye pochi yake, akazipanga moja moja, akinionyesha kila moja, "Hii nzuri? Hii nzuri?" mpaka watu wakashika mbavu.

Tulifika Pickering kwaya ikiwa ya mwisho kuingia ukumbini, kola zina unyevu, na mtu wa besi anafuka mvuke kama sufuria ya ugali. Wakaimba. Nani alijua yaliyotupata? Baraka akabaki kiongozi, na mimi nikabeba viti vyote, bila kuambiwa.

Jumatatu nikapanda ghorofa ya tisa na roli zangu zote zenye msalaba. Tukazifungua mezani kwa Bi Gulshan, chai ya maziwa na iliki, yeye anataja nchi kwa kupapasa, mimi natafuta kwenye simu kuhakikisha. Alikosea moja tu, na mpaka leo anasema simu ndiyo ilikosea. Pale palipokuwa na ya kigeni nikatia kwota ya mfukoni kwangu. Iliuma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Sasa jibu lako, mwanangu. Sarafu ya kigeni ukiikuta, kwanza itazame vizuri, usiite takataka. Nyingine zina fedha kuliko unachotafuta, na duka la wakusanyaji watakuambia thamani yake bure ukiuliza kwa adabu. Ya Marekani, jirani zetu wa mpakani, watu hapa wanaipokea, lakini itoe wazi, mkono juu ya meza. Nyingine zitafutie watu wake. Ile peso nilimpelekea nesi mmoja Mfilipino wa ghorofa ya sita, akaibusu, akampa mwanawe, akaniletea sahani ya tambi ambayo thamani yake hakuna benki inayoijua. Mtu anasafiri, mpe ya nchi anayokwenda, akanywee soda. Isiyo na mwenyewe, kaa nayo, ijue imetoka wapi. Lakini usiirudishe kwenye roli. Usimbandike muuza duka aliyechoka. Ukitoa moja ya kweli, rudisha moja ya kweli.

Na siyo sarafu tu. Utapewa mengi mabovu hapa mjini: neno la dharau kazini, bosi mwenye kisirani, mwenye nyumba mjanja. Hukuyaanzisha wewe, ni kweli. Lakini usiyafunge kwenye karatasi safi ukampa anayekufuata nyuma. Na kabla hujamfokea mtu, chungulia mfukoni mwako. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nenda sasa, karudi kwenye roli zako. Mungu akupe jicho kali na mkono mwepesi. Akupe rafiki atakayekuficha, na moyo wa kukataa kufichwa. Na wazee wote utakaokutana nao kwenye ngazi na kwenye lifti waitikie shikamoo yako kwa furaha, kwa sababu umeitoa kwa upole.