Pete za Ndege wa Ruzizi

Siku yangu ya kwanza kazini, Prezida wa chama chetu cha kuchunguza ndege alinitia mbayuwayu mkononi kabla hata hajaniuliza kama nimekula.

"Shingo iwe hapa, katikati ya vidole mbili. Ukikaza, inakufa. Ukilegeza, inaenda."

Nikalegeza. Ndege kaenda zake, na Prezida akacheka mpaka machozi.

Chama kilianzishwa na walimu wachache wa mji wetu wa Uvira, huku Kongo, na kazi yenyewe, ninyi vijana, ilikuwa hivi. Alfajiri tunatandaza kwenye mlango wa mto Ruzizi, unapoingia ziwani, nyavu nyembamba ambazo ndege hawazioni. Tunawanasua, tunawapima, tunawavisha mguuni pete nyepesi yenye namba, tunawaachilia. Akinaswa tena popote duniani, namba inasema alikotoka. Nilianza kama mtega nyavu, nikapanda hadi fundi wa pete, na nilijivuna kweli. Mtaa mzima wa Kasenga waliniita Papa Pete, yaani Baba Pete.

Kisha vita vikaja, na hapo ndipo kichwa changu huvurugika. Askari walibadilika, lugha zikabadilika, ila kizuizi cha barabarani kilibaki palepale. Asubuhi moja askari wakaokota mbayuwayu aliyekufa, mguuni ana pete yetu. Komanda wao akaja nayo mpaka kwenye nyavu.

"Hii namba iko ya nani?"

Mtu mwingine angesema hajui. Lakini Prezida alikuwa ametamani maisha yake yote kuulizwa swali hilo. Uso ukamng'aa.

"Iko yetu, Komanda! Hii ndege inatokaka Ulaya, inavuka mipaka yote, inarudia kule na namba yetu. Ni vile tunajua nani anapita, na anapita wapi."

Nikamkanyaga mguu. Hakunielewa.

"Kumbe munajua nani anapita," Komanda akasema taratibu.

Wakamchukua, wakashika njia ya kupanda Lemera, kule mlimani. Mimi wakaniambia nikunje nyavu. Kwa nini yeye, na si mimi niliyemvisha ndege ile pete? Sijui. Askari wale walikuwa wa nani? Nimepewa majibu mengi, kila moja linapinga jingine. Wapo wanaosema alionekana Burundi. Wapo wanaosema hakufika hata mlimani.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Nyamianda, jirani na binti wa Prezida. Mbayuwayu wakirudi, mimi mzee mzima hukodolea macho miguu yao. Binti akiniona huja kuketi karibu yangu, na kila mara huuliza lilelile.

"Papa, weye ulikuwa naye. Baba yangu alipita wapi?"

Kujibu swali hilo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Namshika mkono, naogopa kuukaza, naogopa kuulegeza.